Maji ya Betri: Siku Nane Barabarani Kutafuta Soko la Vitendanishi

Tuko wawili. Mwenzangu ni mkemia. Mimi nimekaa benchi la maabara ya hospitali miaka tisa, nikisoma BS (slaidi za damu za kutafuta malaria), makohozi na choo mpaka macho yakachoka. Tumepanga chumba Mbezi, tuna mizani, kipima pH, karatasi za kuchujia na makreti ya chupa za kahawia. Tunataka kutengeneza vitendanishi vya maabara, yaani rangi na kemikali za kupimia, hapa hapa nchini badala ya kungoja meli. Mwaka 2020 ndege zilipolala, kila aliyekuwa maabara alionja ladha ya kutegemea kiwanda kilicho bara jingine.

Shida ni kwamba mwenzangu alishaandika orodha ya bidhaa kumi na nne, kuanzia kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) hadi Benedict ya kupimia sukari kwenye mkojo. Nikamwomba asinunue hata gramu moja ya rangi mpaka nizunguke. Akaniuliza dodoso langu liko wapi. Sina dodoso. Mtu wa maabara ukimpa dodoso atakujibu kama anavyomjibu mkaguzi. Mimi nataka anifungulie kabati.

Jumatatu, Kariakoo

Nilianzia kwa wauzaji wa jumla. Duka la kwanza Giemsa, rangi ya kupaka slaidi za damu ili vimelea vya malaria vionekane, ilikuwa imepangwa dirishani, chupa sita, jua la saa nne linazipiga vizuri kabisa. Giemsa hutakiwa gizani, ndiyo maana chupa yake ni ya kahawia. Sikusema kitu, nilikwenda kusikiliza.

Muuzaji ni kijana mchangamfu. Nilipomwambia nataka kujua vitendanishi gani vinatoka, alicheka. "Dada yangu, rangi hazitoki. Zinazokimbia ni stripu za mkojo, kipimo cha mimba, mRDT na Widal. Ukiniletea Widal ya bei nzuri hata kesho naimaliza."

Nikaandika Widal, nikaichorea mstari chini. Usiku nikaifuta. Nieleze kwa nini, maana mwenzangu alikasirika kwenye simu. Kipimo hiki kimebeba jina la Fernand Widal, daktari wa Ufaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Unachanganya maji ya damu ya mgonjwa na antijeni za bakteria wa taifodi juu ya kigae, unatikisa, unaangalia kama inagandana. Kwenye nchi ambayo taifodi imekuwepo siku zote, watu wengi wanatembea na kingamwili za zamani. Ukimpima mtu mzima mwenye mafua, inaweza kugandana hata kama hana taifodi. Nimetoa majibu hayo mwenyewe, nimeona watu wakitoka na mfuko wa antibayotiki wasiouhitaji. Soko lipo, tena kubwa, na sitaki kuliingia. Hilo ni langu binafsi. Mwenzangu anasema maadili hayalipi kodi ya chumba.

mRDT nayo niliifuta, kwa sababu nyingine. Kwenye vituo vya serikali vipimo hivyo vinakuja kwa manunuzi makubwa ya kitaifa na fedha za wafadhili, vinapita Bohari ya Dawa ya serikali, na mnunuzi wa namna hiyo anataka kipimo kilichopitishwa na Shirika la Afya Duniani. Institut Pasteur ya Dakar wamejenga kiwanda chao cha vipimo vya haraka, diaTROPIX, na wameanza wakiwa na taasisi nzima nyuma yao. Sisi tuna chumba Mbezi.

Kabla sijaondoka kijana aliniambia neno ambalo nililikumbuka safari nzima. "Halafu dada, usiende kuongea na watu wa maabara. Wao hawanunui. Wanaandika tu. Anayenunua ni mhasibu."

Jumanne, Morogoro

Treni ya umeme asubuhi. Sijamaliza chai, tumefika. Wale tuliozoea kulala njiani kwenye foleni ya Kibaha bado hatujaamini.

Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Nilitembelea maabara binafsi nne na hospitali mbili. Nilikuja na wazo la vitendanishi vya kemia ya damu, yaani glukosi, kreatinini, vimeng'enya vya ini. Hesabu inavutia, kwa sababu kila hospitali yenye daktari anayejiheshimu inapima figo na ini.

Maabara ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Mashine nzuri, mpya mpya, inang'aa. Nikamwuliza msimamizi waliinunua kwa bei gani. "Hatukununua. Tumewekewa." Akanionyesha chupa ya kitendanishi. Pembeni ina kibandiko cha mistari. Akaiingiza kwenye tundu lake, mashine ikakisoma kibandiko, ikaandika kwenye kioo tarehe ya kuisha muda na idadi ya vipimo vilivyobaki. Kisha akaitoa, akakifunika kibandiko kwa kidole gumba na kuirudisha. Mashine ikalia, ikakataa. "Umeona? Hii haili chakula cha jirani."

Ndivyo biashara ilivyo. Kampuni inakupa mashine bure au kwa bei ya kutupwa, na mkataba unakufunga kununua chupa zao kwa miaka. Faida haiko kwenye chuma, iko kwenye maji. Hata nikitengeneza kreatinini safi kuliko yao, mashine haitaniangalia usoni. Maabara mbili kati ya zile nne zilikuwa hivyo. Ya nne ilikuwa na mashine ya zamani iliyo wazi, ile ya kunyonya kimiminika kwa mrija mmoja baada ya mwingine, inayokubali kitendanishi cha yeyote. Mwenye nayo aliniambia kwa fahari kwamba ana miaka kumi na mmoja nayo. Kisha akaongeza kwamba mwakani anaibadilisha, kampuni imeshakuja kumwona. Nikafuta mstari mwingine.

Jioni nikajumlisha. Kutoka bidhaa kumi na nne nimebaki na tano, na zote ni za watu wa kale: Giemsa, Gram ya bakteria, rangi za Ziehl-Neelsen za kifua kikuu, Lugol ya iodini, na bafa, yaani maji yenye chumvi za kushikilia kiwango cha asidi (pH). Gustav Giemsa alichapisha yake Hamburg mwaka 1904. Hans Christian Gram, 1884. Hakuna hataza na hakuna kibandiko, na hadubini haiulizi chupa imetoka wapi.

Jumatano, njiani

Basi la Ifakara. Mikumi twiga watatu kando ya lami, na nyani mmoja aliyekaa juu ya tuta la barabara kama askari wa usalama barabarani anayengoja chochote. Baada ya hapo tukakata kushoto kwenda Kidatu. Miwa, miwa, miwa. Nililala. Niliposhtuka shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Joto la bonde la Kilombero linakuja na maji yake.

Alhamisi, Ifakara na bondeni

Huwezi kuongea malaria ukiwa Ifakara bila kutaja historia. Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara ya utafiti hapa miaka ya 1950, na kutoka hapo ndipo ikakua taasisi ambayo leo wanasayansi wa mbu wa dunia nzima wanaijua. Watafiti wa taasisi hiyo wana vifaa vyao, hawanihitaji. Niliowafuata mimi ni wale wa vituo vya afya vilivyotawanyika kwenye mashamba ya mpunga, ambao hawaandikwi kwenye majarida.

Zahanati mbili za kwanza zilinipa jibu haraka. Hazina hadubini, zinatumia mRDT tu, na inatosha kwa kazi yao. Kwa hiyo mteja wa Giemsa anaanzia kituo cha afya kwenda juu. Kule hadubini bado ina kazi yake. mRDT ya kawaida inatafuta HRP2, protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona. Mgonjwa akimaliza dawa akarudi na homa, mRDT itasema ndiyo tu. Slaidi ndiyo itakayokwambia kama kuna kimelea hai, na wangapi.

Kituo cha tatu kiko ng'ambo ya daraja, tulikwenda kwa bodaboda. Mtaalamu wa maabara ni mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha hakuniuliza barua wala kitambulisho, akafungua kabati. Kweli kuna watu unawakuta wamekusubiri bila kujua.

Chupa ya methanoli, lita moja, nusu tupu. Chupa ya Giemsa, mililita 500, karibu nusu imetumika. Juu ya kibandiko ameandika kwa kalamu tarehe aliyoifungua: miezi mitano iliyopita.

"Kaa uangalie hii," akasema, akaniwekea slaidi.

Nilikaa. Tone jembamba, yaani damu iliyotandazwa nyembamba kwenye kioo, la asubuhi hiyo. Chembe nyekundu karibu zote zilikuwa na matundu yanayong'aa katikati, kama mtu amezitoboa kwa sindano ya moto. Nikasogeza huku na huku. Kila pembe hivyo hivyo.

"Kijana aliyekuja mafunzo wiki iliyopita alisema ni vimelea," mzee akasema. "Nikamwambia hayo ni maji."

Ni maji kweli. Tone jembamba hukazwa kwa methanoli kabla ya kupakwa rangi, na methanoli inavuta unyevu wa hewa. Kila ukifungua chupa bondeni huku, hewa inaingia na maji yake. Baada ya wiki kadhaa methanoli yako si methanoli tena, na chembe zinatoboka. Giemsa nayo imetengenezwa kwa methanoli na glisiroli, nusu kwa nusu: gramu 3.8 za unga, mililita 250 za hii na 250 za ile. Ikipata maji kidogo kidogo, rangi inaanza kuharibika ndani ya chupa.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye mgongo wa fomu ya zamani. Yeye anapaka BS tano kwa siku, sita msimu wa mvua. Slaidi moja inachukua mililita 3 za rangi iliyochanganywa kwa asilimia 10, yaani mililita 0.3 za Giemsa yenyewe. Mara tano ni mililita 1.5 kwa siku. Chupa ya mililita 500 itamkalia siku 333. Karibu mwaka mzima anafungua na kufunga chupa ile ile ndani ya joto hili.

"Kwa nini usiagize ndogo?"

"Ndogo haipo. Kwenye orodha ipo hii tu. Na mhasibu anasema kubwa ndiyo nafuu."

Nikaweka kalamu chini. Miezi yote hii mimi na mwenzangu tumekuwa tukibishana tuuze lita kwa shilingi ngapi ili tuvishinde viwanda vya India. Mzee huyu hahitaji lita nafuu. Anahitaji chupa ya mililita 50 atakayoimaliza kabla haijamharibikia, na anahitaji ipite kwa mhasibu ambaye anaona mililita 50 kumi ni ghali kuliko 500 moja. Wote wawili wako sahihi.

Nilidhani siku imekwisha. Lakini kituo cha mwisho, njia ya kurudi, nilimkuta mama mmoja anakata kidonge kwa wembe. Kidonge cha bafa. Alikuwa amekiweka juu ya kipande cha karatasi, anakigawa robo nne kwa uangalifu wa mtu anayemgawia mtoto dawa ya minyoo. Kidonge kimoja kinatengeneza lita nzima ya bafa, na yeye anahitaji robo lita. Lita nzima itaota ukungu kabla hajaimaliza.

"Zinatoka sawa?" nikamwuliza.

"Hazitoki sawa, dada. Hii hapa," akainua robo moja iliyomegeka, "hii ni ya Ijumaa. Ijumaa slaidi zangu huwa mbaya."

Sikucheka mbele yake. Nilicheka kwenye bodaboda, kisha nikanyamaza, kwa sababu mtu fulani alipimwa Ijumaa.

Ijumaa

Basi liliharibika kabla ya Mikumi. Masaa manne chini ya mti. Nimefika Morogoro usiku, nimelala na viatu.

Jumamosi na Jumapili, Dodoma

Jumamosi nilipanda treni, mahandaki ya Kilosa yakapita kama mtu anayezima na kuwasha taa. Ofisi zimefungwa. Nilifua, nikala zabibu, nikamtafuta rafiki niliyesoma naye ambaye sasa ni mfamasia wa hospitali. Yeye ndiye aliyenichorea ramani ya pesa, Jumapili baada ya ibada, kwenye leso ya karatasi ya mgahawa.

Ramani ni hii. Siku hizi fedha za kituo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kituo kinaagiza kwanza Bohari ya Dawa. Wakikosa, wanapewa taarifa ya kukosekana, na kwa taarifa hiyo wanaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mmoja aliyeshinda zabuni ya mkoa. Utaratibu huo ulianzia hapa hapa Dodoma mwaka 2014, ukaenea nchi nzima. Kwa hiyo mimi sina mamia ya vituo vya kuwabembeleza mkoa huu. Nina mtu mmoja.

"Na huyo mtu mmoja," rafiki yangu akasema, akigonga leso kwa uma, "anauza vitu elfu. Giemsa kwake ni sawa na pini kwenye duka la nguo. Utampa sababu gani ahangaike na chupa zako?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika swali.

Akaniuliza pia kuhusu vibali. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Vifaa vya uchunguzi vinapangwa madaraja kwa hatari yake, A hadi D. Vipimo vya UKIMWI na vya kundi la damu viko D, kwa sababu jibu baya linaweza kuua mtu mezani. Rangi na bafa ziko A, mlango wa chini. Bado ni mlango: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watataka kuona mfumo wetu wa ubora, na kwa sababu tunashika methanoli na fenoli, tutahitaji usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwenzangu anajua barabara hiyo kuliko mimi, nimemwachia.

Jumatatu tena, barabara ya Singida

Nilikuwa nimepanga kwenda kwa mshitiri asubuhi. Nikaahirisha. Swali la rafiki yangu lilikuwa limenikaa kooni, nikaona bora niende kwanza kituo kimoja kikavu, nione kama shida ya bondeni ipo na huku.

Haipo. Huku hewa imekauka kama ngozi ya ngoma, methanoli inakaa vizuri. Lakini slaidi niliyowekewa chini ya hadubini ilikuwa ya buluu. Kila kitu buluu. Chembe nyekundu zilizotakiwa kuwa na rangi ya waridi hafifu zilikuwa kama kitenge kilichochuja. Viini vya chembe nyeupe vimekolea mpaka huoni ndani. Kimelea kingekuwemo, ningekitafuta kama sarafu kwenye kisima.

Aliyenipokea ni binti mdogo, ana mwaka mmoja kazini. Aliona uso wangu akawahi kusema, "Ni maji yetu, dada. Yana chumvi."

Giemsa inahitaji pH ya 7.2. Ikishuka, slaidi inakuwa nyekundu nyekundu na viini vinapauka. Ikipanda, ndio huu ubuluu. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu, yana madini, yanavuta pH juu. Nilichovya karatasi yangu kwenye bomba lao: zaidi ya 8. Nikamwuliza kama anatumia bafa. Ameishiwa tangu Machi. Na maji ya distili, yale yasiyo na madini? Akainama chini ya meza, akatoa galoni la plastiki lenye picha ya gari.

"Nanunua sheli. Maji ya betri."

Nimefanya kazi miaka tisa hospitali kubwa, maji ya distili yanatoka ukutani. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda kituo cha mafuta, akasimama kwenye foleni na madereva wa malori, anunue maji ya kupimia malaria. Kwa pesa yake, maana mhasibu hawezi kulipia risiti ya sheli kwenye kasma ya vitendanishi.

"Na yakikosekana sheli?"

"Mvua ikinyesha nakinga. Bati jipya lakini, la zamani lina kutu." Akafikiri. "Mwenzangu wa kituo kingine anakinga ya kiyoyozi, kule kwa mkurugenzi."

Nikaomba kuchukua maji ya bomba lao, chupa mbili. Akanijazia bila kuuliza. Wakati naaga akaniuliza mimi nauza nini hasa. Nikajikuta nasema sijui bado.

Jioni nilikwenda kwa mshitiri nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Sikumwambia habari ya Giemsa. Nilimwuliza mara ngapi vituo vinamrudishia mzigo wa rangi vikisema ni mbovu. Akashtuka kidogo, akamwita kijana wa stoo. Kijana akasema, "Kila mwezi, bosi. Wanasema inatoka buluu." Walikuwa wanabadilisha chupa. Chupa mpya, maji yale yale, buluu ile ile, na wao wanakula hasara ya nauli mara mbili. Nikamweleza ubuluu unatoka wapi. Mshitiri akavuta kiti.

Jumanne, Mbezi

Nimefika mchana, sikuenda nyumbani. Mwenzangu alikuwa ananisubiri na wazo lake tayari, nilimpa kwa simu vipande vipande na yeye akavipanga usiku. Bafa ya Giemsa ni gramu 0.7 za fosfati ya potasiamu na gramu 1.0 ya fosfati ya sodiamu kwa lita. Kwa mililita 100 ni gramu 0.17 tu za unga, chumvi ya ncha ya kijiko, huwezi kupakia hizo kwenye pakiti moja moja bila kukosea. Kwa hiyo tutengeneze iliyokolezwa mara kumi, ya maji, kwenye kichupa cha mililita 10. Mteja anamimina kichupa chote, anajaza maji hadi 100. Hakuna wembe, hakuna robo ya Ijumaa.

Zuri sana. Nikatoa chupa zangu za Dodoma.

Tulichanganya vikombe vitatu: maji ya distili, maji ya betri niliyonunua sheli ya Kibaha, na maji ya binti wa barabara ya Singida. Kila kimoja kichupa kimoja cha bafa. Nikajichoma kidole, nikatandaza slaidi tatu, nikazikaza, nikazipaka. Dakika kumi. Distili: safi, waridi na zambarau kama picha ya kitabuni. Betri: karibu sawa, nisingeona tofauti kama sikuambiwa. Ya Dodoma ilikuwa afadhali, ubuluu umepungua, tukapeana mikono.

Mwenzangu akaenda kuchemsha chai. Aliporudi akasimama na birika mkononi, anaangalia kikombe cha tatu. Kilikuwa kimegeuka. Maji yalikuwa na ukungu mweupe, kama yale ya kuoshea mchele. Kalisi iliyomo kwenye maji magumu imeshikana na fosfati yetu na kuanza kuzama. Bafa ilikuwa inatoka kwenye maji mbele ya macho yetu. Ukipaka slaidi muda huo huo, sawa. Ukikiweka mpaka mchana, unapaka kwa chokaa.

"Basi maji nayo tuyabebe sisi," nikasema.

"Tuwauzie maji?"

"Wananunua tayari. Wananunua sheli."

Alikaa kimya, kisha akaanza hesabu za uzito wa kreti na nauli ya lori, anakuna kichwa. Kwa bondeni hakuna ubishi: Giemsa na methanoli za mililita 50, kreti moja, na vichupa vya bafa iliyokolezwa. Dodoma itakuwa bafa iliyokamilika, pH 7.2, chupa za mililita 250, unafungua unapaka. Mshitiri amesema ataanza na vituo sita vilivyomrudishia mzigo mara nyingi zaidi, na tukiwapunguzia marejesho atatupa vingine. Gram, Ziehl-Neelsen na Lugol zisubiri.

Kilichobaki ni ukungu wa kweli, ule unaoota. Bafa ya fosfati ikikaa mezani viumbe vinaipenda. Hatujui yetu itastahimili siku ngapi ndani ya chupa iliyofungwa, na siku ngapi baada ya kufunguliwa. Usiku huu tumejaza chupa ishirini. Kumi tumezifunga, kumi tumezifungua na kuzifunga kama atakavyofanya yule mama wa wembe. Nusu ya kila kundi ziko kabatini, nusu tumeziweka juu ya dirisha la bati linalopigwa na jua la alasiri, ambako ndani ya chumba chetu hakuna mahali panapokaribia zaidi stoo za wilayani. Nimeandika tarehe kwa kalamu kwenye kila kibandiko. Ya kwanza tutaipima pH baada ya siku saba.